Tupe Mji

Meza ya Lali ina mguu mmoja mfupi.
Kila dadu likitupwa huteremkia upande wake,
na Shekuwe, mwalimu wa hesabu, kila Alhamisi hulalamika
kwamba bahati haiwezi kuwa na mteremko.

Tuko Langoni, juu ya duka la kutengeneza simu,
harufu ya lehemu bado imening'inia,
isha imeshaswaliwa,
sahani ya viazi karai katikati ya ramani.

Ramani niliichora mimi.
Daftari ni langu, kurasa tisini na sita,
mji mzima nimeujenga kwa wino wa buluu:
malango saba, sultani aliyekufa, malkia aliyekufa kabla yake,
na mwisho, ukurasa wa tisini na tano, umeshaandikwa,
nikaupigia mstari chini kwa rula.

Wiki tatu niliwavuta kuelekea mstari ule.
Wakitaka sokoni, soko limefungwa.
Wakitaka kumhonga mlinzi, mlinzi kiziwi.
Famau, fundi wa friji, mtu wa maneno machache,
akajaribu kupanda ukuta; nikaurefusha ukuta.

Ndipo Mwanatumu akaliweka dadu chini.
"Kwani ndiya ni moya?"
Akirudi kwenye Kiamu cha kwao, ujue amekasirika.
"Umetuita kuteza, au kukutazama ukiteza?
Punda afe mzigo ufike: punda ni sisi,
na mzigo ni huo mwisho wako."

Sikujibu. Nikala kiazi.
Shekuwe akanyoosha kidole kwenye pembe ya ramani,
mahali kalamu ilipoteleza ikaacha doa:
"Huu ni mlango. Nyuma yake kuna nini?"

Nikapekua. Themanini na mbili. Kumi na nne. Jalada la nyuma.
Mlango huo haumo.

Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu kule Wiyoni
alitega vitendawili huku akisuka ukili,
nasi tukishindwa alidai mji. Tukampa Siyu,
tukampa Faza, tukampa Makka,
akafika, akala, akashiba, ndipo akatufungulia jibu.
Sikuwahi kujiuliza aliyeshindwa hubaki na nini
baada ya kuutoa mji.

"Nimeshindwa," nikasema.
Wakatazamana.
"Basi tupe mji," akasema Famau,
na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza usiku ule.

Nikawapa.

Mwanatumu akatangulia, akamfufua malkia wangu:
hakufa, alichoka,
yuko nyuma ya mlango wa doa anauza mbaazi
kwa watu wasioijua sura yake.
Shekuwe akaweka ushuru. Kila swali sokoni, shilingi moja;
jibu ni bure, maana majibu hayaaminiki.
Lali akataka joka. Tukamkatalia sote,
akalileta hata hivyo, dogo, ndani ya birika, linaogopa samaki.
Famau akasema kuna kisima,
ukikiita hukujibu kwa sauti ya aliyeteka maji kabla yako.
Tukanyamaza kidogo.
Babake alizikwa mwezi wa Rajabu.

Mimi nikabaki kuuliza: Halafu?
Na nani amesikia? Na itawagharimu nini?
Nikashika njaa, mvua, na watu wote wasio na wa kuwachezea.
Lali alipotaka kila kifo kifutwe, nikasema hapana,
zikazuka kelele hadi jirani akagonga ukuta,
tukatoka na sharti moja: anayeongeza chumba
alale humo usiku wa kwanza.

Sitadanganya, niliona wivu.
Kisima kile kilistahili kuwa changu.

Wenzangu walipotangulia kushuka ngazi
nilichana ukurasa wa tisini na tano,
nikaukunja mara nne, nikautia chini ya mguu mfupi.
Nikatupa dadu kujaribu.
Bado linateremka kwa Lali,
ila sasa polepole, kama mtu anayefikiri.